Gridi ya nyuzi 0.01 si gridi ya kilomita moja

Nimeletewa tena faili la gridi la kupakia kwenye simu za vijana wanaokwenda msitu wa Masito, mkoani Kigoma, kuhesabu viota vya sokwe. Jina la faili linasema kilomita moja. Ndani yake kuna miraba ya nyuzi 0.01 za latitudo na longitudo. Nilipouliza, nikajibiwa kama siku zote: "Mkuu, si ni kitu kilekile?" Hapana. Naliandika hapa ili atakayeuliza tena nimtumie ukurasa huu.

Latitudo ya 5 kusini karibu inagusa mji wa Kigoma na mji wa Tabora. Hapo nyuzi moja kwenda kaskazini ni kilomita 110.6, na kwenda mashariki ni 110.9. Kwa hiyo kipande cha nyuzi 0.01 kina mita 1,106 kwa 1,109, yaani kilomita za mraba 1.23. Kinachotuponza ni kwamba tuko karibu na ikweta: pande zinakaribiana, kipande kinaonekana mraba safi, na hakuna anayeshtuka. Norway, kwenye latitudo ya 60, kipande hichohicho kina mita 1,114 kwa 558, mstatili ambao hata mtoto angeuona. Kwetu jicho halisaidii, lazima upige hesabu.

Tuseme umehesabu viota 40 kwenye kipande hicho, ukaandika 40 kwa kilomita ya mraba. Ukweli ni 33 hivi. Miaka mitano baadaye inakuja timu nyingine yenye gridi sahihi, inakuta viota vilevile kwa wingi uleule, inaandika 33. Ripoti itasema viota vimepungua karibu moja ya tano. Watu watakaa vikao, kijiji kitaulizwa kimefanya nini na msitu wake, na sokwe wako palepale. Hili ndilo linalonikera. Anayeniambia tofauti ni ndogo hajawahi kukaa mbele ya mkutano wa kijiji akilijibu.

Sisemi gridi ya nyuzi ni haramu. Atlasi ya ndege ya Tanzania hutumia miraba ya nusu nyuzi, na atlasi za ndege za Kenya na kusini mwa Afrika hutumia vipande vya dakika tano (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi). Kazi yao ni kusema ndege fulani ameonekana hapa au hakuonekana, na wachangiaji wote wa atlasi moja wanatumia mistari ileile. Ukitaka idadi kwa kilomita ya mraba, tumia mita.

Basi: fungua QGIS, programu ya ramani, weka projeksheni ya UTM, inayopima kwa mita na kuigawa dunia kanda za nyuzi 6 za longitudo, kwa WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS (namba yake ni 32735 kwa kanda 35, 32736 kwa kanda 36), tengeneza gridi ya mita 1,000 kwa 1,000. Halafu usibonyeze haraka. Ukiiachia programu ichukue mipaka ya faili la kijiji, gridi itaanzia popote, tuseme mita 189,437 za mashariki. Miraba yako itakuwa na ukubwa sahihi lakini haitalingana na ya mtu mwingine yeyote. Mraba wako mmoja utakanyaga minne ya jirani, na data zenu hazitaungana. Sahihisha mipaka kwa mkono ianzie kwenye elfu kamili: 189,000, si 189,437. Kila mraba upe namba inayotokana na kona yake ya kusini magharibi. Kisha kata ubaki na eneo la kazi tu, maana mkoa mzima wa Kigoma, nchi kavu peke yake, ni miraba zaidi ya 37,000 na simu ya kawaida itakwama.

Wenzetu wa Tabora wana raha. Mkoa wao wote uko kanda 36, na longitudo ya 33, ambayo ndiyo katikati ya kanda, inapita humohumo. Sisi longitudo ya 30, mpaka wa kanda 35 na 36, inatupasua: Kigoma mjini, Gombe na sehemu kubwa ya Mahale ziko kanda 35, mji wa Uvinza uko 36. Gridi mbili zikikutana pale, miraba inakatwa vipande visivyo na maana. Mimi naivuta kanda 36 hadi ziwani. Najua kuna watakaopinga, lakini hesabu inaniunga mkono: hapa Kigoma mjini mraba wa mita 1,000 unakuwa na mita 998.7 ardhini. Tatizo ni GPS ya mkononi, ambayo ukivuka longitudo ya 30 inahamia yenyewe kanda 35 (huandika 35M), ikaanza kusoma mashariki laki saba na zaidi huku gridi yako ikisema laki moja na kitu. Waambie vijana warekodi kwa nyuzi, kompyuta itabadilisha.

Ukihamisha gridi kwenda KML, faili la Google Earth, kona zitaandikwa kwa nyuzi zenye desimali ndefu. Usiogope, mraba haujabadilika. Ukilinganisha na ramani za karatasi za 1:50,000, kumbuka zile ni za mfumo wa zamani wa Arc 1960 na zinapishana na WGS84 kwa mita kama 300 kaskazini-kusini.

Linaloninyima amani ni miteremko. Gombe inapanda kutoka ziwani, mita 770 hivi, hadi zaidi ya 1,500 ndani ya kilomita chache. Mraba wa ramani ni wa kutazamwa kutoka juu. Mteremko wa nyuzi 30 una ardhi zaidi kwa asilimia 15. Je, wingi wa viota vya Gombe ulinganishwe na wa tambarare za Ugalla bila marekebisho? Mpaka sasa siurekebishi, kwa sababu kumbukumbu za zamani hazikurekebishwa, lakini sababu hiyo hainitoshi. Ninachofanya ni kuhifadhi mteremko wa kila mraba kwenye jedwali lilelile, ili atakayetaka kurekebisha awe na cha kuanzia.