Depresio ya papa mupya, maana yake ni nini?

Mutoto akizaliwa hapa Goma swali ni moja tu: mama na mutoto banaendelea? Ku materinite, ku kanisa, ku telefone, kila mutu anaulizaka vile, papa anajibu "banaendelea, Mungu asifiwe", basi imeisha. Yeye mwenyewe hakuna mwenye anamuulizaka. Njo maana ukitaja depresio ya papa mupya batu banacheka, banakuuliza, kwani weye ulizaa lini?

Maana yake njo hii: ni depresio (Kiswahili ya kitabu inasema sonona) yenye inamukamataka mwanaume kuanzia muke akiwa na mimba mpaka mutoto afikishe karibu mwaka moja. Si kuchoka. Kuchoka, ukipata usingizi ya siku mbili inapungua, lakini hii inapita wiki mbili, inarudi kila asubuhi, na haina lazima ionekane kama machozi, apa njo batu banapotea. Mwanaume mara mingi halie, anakasirika, anakunywa, ao anapotea nyumbani.

Jirani yetu moja wa Ndosho ni motari. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa na operasio, fakitire ikakuwa kubwa, muke akabakia materinite siku mingi ju ya deni mpaka familia ikachanga. Kufika nyumbani, bamama ba mutaa bakakuja kuona mutoto na sabuni, na sukari, na kitenge, bakaingia chumba, yeye akabaki inje amekaa ku mawe ya volkano na telefone yake. Kisha akaanza kurudi saa ine ya usiku, kumbe kazi alikuwa anaacha saa kumi na mbili, anakaaka tu ku parkingi bila kubeba mutu. Mutoto akilia anapiga mulango anatoka. Fufu anaguza na vidole viwili anaacha. Sisi tulisema amepata bibi mwingine (na mi nilisema, nisidanganye).

Na haiko yeye peke yake. Mu 2010 batafiti bamoja balijumlisha tafiti 43, bakakuta karibu papa 1 mu 10 iko nayo, na wakati mubaya zaidi ni mwezi ya tatu mpaka ya sita, ni kusema wageni na masabuni yao bamekwisha kusahau njia. Tafiti mingi za ile jambo ni za inchi za tajiri, basi usichukue ile hesabu kama ya Goma.

Inatokaka wapi? Usingizi ya kukatwa-katwa, deni, ugomvi mu nyumba, na sana sana kama muke naye iko na depresio ya uzazi. Hata homoni iko ndani, testosteroni ya mwanaume inashukaka akipata mutoto. Kwetu uongeze kukimbia vita na kuanza nyumba upya.

Kuna karatasi ya maswali 10 ya kupima depresio, banaiita ya Edinburgh, ya 1987, ilitengenezwa ju ya bamama, inauliza namna umejisikia siku 7 zimepita. Leo banaitumia na kwa bapapa, ila alama ya hatari inawekwaka chini kidogo, ju bapapa banafichaka.

Kumusaidia haianzake na hotuba. "Jikaze, weye ni papa sasa" ile iache. Muulize yeye peke yake, wakwe basikuwe hapo. Mubebee mutoto masaa mawili yeye na muke balale, minaona ile inapita shauri kumi. Lakini wiki mbili zikipita, ao akianza kusema afazali nisikuwe, hapo hakuna kungoja, umufikishe kwa munganga wa akili siku ileile. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo ya magonjwa ya akili, na kuingia pale haiko kusema weye ni mwendawazimu.

Yule motari alinielezaka siku moja tuko ku laini ya petroli, mutu wa kwanza kumuuliza alikuwa shemeji yake. "Na weye, unalalaka?" Akakosa la kujibu, akachukua kitambaa akaanza kupangusa pikipiki yenye ilikuwa safi.