Karatasi ndogo za Emil Nolde

Juzi niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uchoraji nakala za zile karatasi ndogo za mchoraji Mjerumani Emil Nolde, na kama kila mwaka, darasa zima likanyamaza. Nyekundu imevuja ndani ya njano, buluu imeimeza kijani, na katikati ya doa unatokea uso wa mzee mwenye ndevu. Nolde alikuwa akilowesha karatasi ya Kijapani, nyembamba na yenye kunyonya kama kitambaa, anaidondoshea rangi ya maji na kuiacha itembee ipendavyo. Ikikauka, pale alipouona uso umejichomoza, anaupitishia wino: jicho, pua, mdomo. Nimefundisha rangi za maji miaka mingi, na bado mkono wangu hauthubutu kuiachia rangi kiasi hicho.

“Mwalimu, huyu si ndiye Wanazi walimkataza kuchora?” akauliza mmoja.

Ndiye. Ila jibu hilo peke yake linapotosha, na kwa miongo mingi limewapotosha wengi, mimi nikiwemo.

Alizaliwa mwaka 1867 kwa jina la Hans Emil Hansen, katika kijiji cha Nolde mpakani mwa Ujerumani na Denmark. Baba yake alikuwa mkulima. Jina la kijiji alilichukua baadaye likawa lake. Mwaka 1906 vijana wa kikundi cha wachoraji cha Die Brücke walimwalika ajiunge nao, akakaa kidogo akaondoka. Mwaka 1910 jumuiya ya wachoraji wa Berlin ilikataa picha yake ya Pentekoste, akagombana hadharani na mwenyekiti wake, Max Liebermann, aliyekuwa Myahudi, na Nolde akafukuzwa. Kinyongo hicho hakikumtoka. Alikifuga mpaka kikawa chuki dhidi ya Wayahudi wote, na mwaka 1934 akaichapisha katika kitabu cha maisha yake.

Kuna safari moja inayonigusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1913 yeye na mkewe Ada walikwenda Guinea Mpya na msafara wa kitabibu wa wizara ya makoloni ya Ujerumani, wizara ile ile iliyokuwa ikiitawala Dar es Salaam. Alichora nyuso za wenyeji kwa rangi za maji, na aliandika kwa uchungu jinsi ukoloni ulivyokuwa ukiyaharibu maisha yao. Lakini yeye mwenyewe anasimulia kwamba alichora huku bastola iko kando yake, na Ada amesimama nyuma akimlinda kwa bastola nyingine. Kila nikizitazama nyuso zile, macho yamekaza, naifikiria bastola.

Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Nolde aliamini zamu yake imefika. Mwaka ule ule alimchongea Max Pechstein, mwenzake wa zamani katika Die Brücke, kwa ofisa wa serikali, akidai ni Myahudi. Pechstein hakuwa Myahudi. Hebu pima hatari ya neno hilo mwaka ule, nalo limetoka kinywani mwa mchoraji mwenzako! Mwaka 1934 Nolde akajiunga na chama cha Wanazi cha eneo lake la mpakani.

Hitler, hata hivyo, hakuzitaka picha zake. Mwaka 1937 kazi zake 1,052 ziliondolewa katika majumba ya makumbusho, nyingi kuliko za msanii mwingine yeyote. Baadhi zilitundikwa Munich katika maonyesho ya kile Wanazi walichokiita sanaa iliyopotoka, ikiwemo ile kubwa ya vipande tisa ya maisha ya Kristo. Mwaka 1938 alimwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akiomba picha zake zirudishwe, na akajitetea kwa kutaja uaminifu wake kwa chama. Mwaka 1941 akafukuzwa katika baraza la wasanii na kupigwa marufuku kufanya kazi hiyo kama taaluma: asiuze, asionyeshe.

Hapo ndipo hadithi ya karatasi ndogo ilipopata nguvu. Ilisemwa alizichora kwa siri nyumbani kwake Seebüll, kwa rangi za maji kwa kuwa harufu ya mafuta ingemsaliti. Zipo kama 1,300, na mwenyewe aliziita picha zisizochorwa. Watafiti walipofunguliwa kumbukumbu zake waliona mengine. Baadhi ya karatasi zilianza kabla ya 1941, na kuchora nyumbani kwake hakukukatazwa. Barua zake zinaonyesha aliendelea kuwaamini Wanazi hadi mwisho wa vita. Baada ya vita maneno ya chuki yaliondolewa kitabuni, akapewa tuzo, akafariki mwaka 1956 akiheshimiwa kama mhanga.

Na mhanga alikuwa, hilo silikani. Picha 1,052 si kidogo kwa mtu yeyote. Kilichonichukua muda kukubali ni kwamba mhanga yule na mchongezi yule ni mtu mmoja, na mkono ule ule ndio ulioiachia rangi itembee.

Yote haya yaliwekwa wazi katika maonyesho ya Berlin ya mwaka 2019. Mwaka huo Angela Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, alizirudisha picha mbili za Nolde zilizokuwa zikining'inia ofisini kwake, mojawapo ikiwa ya wimbi linalopasuka.

Mwanafunzi wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wiki ijayo bado tutalowesha karatasi. Nikamwambia ndiyo, na kwamba kabla ya kugusa maji tutaisoma kwanza ile barua ya 1938.