Maana ya van panchayat, baraza la msitu katika vijiji vya Himalaya

Katika vijiji vya milimani vya Uttarakhand, kaskazini mwa India, kijiji kimoja mara nyingi huwa na viongozi wawili wa kuchaguliwa. Wa kwanza ni pradhan, mkuu wa gram panchayat, yaani serikali ya kijiji. Wa pili ni sarpanch, na kazi yake ni msitu. Mtu aliyezoea majimbo mengine ya India huchanganyikiwa akifika hapa, kwa kuwa kwingi nchini humo sarpanch ndiye mkuu wa kijiji chenyewe. Huku milimani cheo hicho ni cha kiongozi wa van panchayat.

Van ni msitu. Panchayat limetokana na panch, yaani tano: wazee watano walioketi pamoja kuamua mashauri ya watu wao. Siku hizi hesabu haifungwi kwenye watano, na halmashauri ya msitu inaweza kufika watu tisa, lakini jina limebaki. Kwa hiyo van panchayat ni baraza la msitu: chombo cha wanakijiji, kilichochaguliwa nao na kutambuliwa na sheria, chenye mamlaka juu ya kipande cha msitu kilichopimwa mipaka. Naomba neno "sheria" lisipitwe haraka. Wengi wakisikia habari za wanakijiji kulinda msitu hudhani ni kamati ya hiari, au mradi ulioletwa na wafadhili ambao fedha zikikauka nao unakufa. Van panchayat ina kanuni zake tangu mwaka 1931, kabla ya India kupata uhuru, na leo mabaraza hayo ni zaidi ya 11,000 katika jimbo hilo.

Kwa nini msitu ukahitaji baraza lake? Jibu liko zizini.

Chukua wilaya ya Chamoli, inayopakana na Tibet, yenye hekalu la Badrinath na kilele cha Nanda Devi chenye mita 7,816. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu wapatao 391,000, wengi wao wakiishi vijijini. Mashamba ni matuta membamba yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, na udongo wake huchoka upesi usipolishwa. Kinacholisha udongo huo ni mwaloni uitwao banj. Wanawake hupanda msituni na mundu na kamba, wakakata matawi na kukusanya majani. Majani mabichi ni chakula cha ng'ombe na nyati. Makavu hutandikwa zizini, yakachanganyika na kinyesi na mkojo hadi yakawa samadi, kisha samadi ikabebwa kwa vikapu hadi kwenye matuta ya ngano, mpunga na ulezi, ambao wenyewe huuita mandua. Chini ya mialoni ndipo zilipo chemchemi nyingi ambazo kijiji huchota maji. Kuni hutoka humohumo, na mpini wa jembe pia. Msitu ukiondolewa, shamba linabaki na misimu michache ya uhai.

Mti wa pili mkubwa ni msonobari uitwao chir. Huu una mbao na utomvu vinavyouzika, ila mnyama hali majani yake, na sindano zake zikianguka, zile wanazoziita pirul, hutandaza zulia linaloshika moto kirahisi miezi ya Aprili, Mei na Juni. Ukitaka kuelewa karne nzima ya ugomvi wa misitu huko, shika tofauti hii: mkulima alitaka mwaloni, serikali ilitaka msonobari.

Kati ya 1911 na 1917 utawala wa Waingereza ulitangaza sehemu kubwa ya misitu ya Kumaon na Garhwal, maeneo mawili ya milima yanayounda Uttarakhand ya leo, kuwa hifadhi ya serikali. Ghafla mama aliyekuwa akikata majani mahali alipokatia bibi yake akawa mhalifu. Malisho yakawekewa mipaka, na kuchoma nyasi kavu ili nyasi changa zichipue kukakatazwa. Juu ya hayo ilikuwapo shokoa, iliyoitwa coolie begar: ofisa akisafiri milimani, wanakijiji walilazimishwa kubeba mizigo yake, na majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye daftari la kila kijiji. Januari 1921, katika gulio la sikukuu ya Uttarayani mjini Bageshwar, maelfu ya watu wakiongozwa na Badri Dutt Pandey walikula kiapo cha kutobeba tena, na madaftari yale yakatupwa katika mto Saryu. Miezi michache baadaye misitu ya serikali iliwaka. Kilichoungua hasa ni misonobari. Misitu ya mialoni, ingawa nayo ilikuwa chini ya serikali, kwa sehemu kubwa haikuguswa. Watu walijua wanachochoma na wanachokiacha.

Serikali iliunda kamati ya kusikiliza malalamiko ya misitu ya Kumaon mwaka huohuo wa 1921. Matokeo yake, misitu isiyo na faida kubwa ya kibiashara ilitolewa mikononi mwa idara ya misitu na kurudishwa chini ya idara ya mapato ya ardhi, na hatimaye, mwaka 1931, zikatoka kanuni zilizoruhusu kijiji kuomba kuunda van panchayat yake. Ndiyo maana siwezi kuiita zawadi ya mkoloni. Ilipatikana kwa watu kugoma na kuchoma. Historia hiyo inaeleza pia kwa nini huko Tehri, iliyokuwa chini ya raja wake na si chini ya Waingereza moja kwa moja, mabaraza haya yalichelewa kufika.

Sasa tuingie ndani ya baraza lenyewe. Kijiji huchagua wajumbe, nao wakamchagua sarpanch kutoka miongoni mwao. Baraza huamua sehemu ipi ya msitu ifungwe ili ipumzike na ipi ifunguliwe, na majani yakatwe kuanzia lini hadi lini. Nyasi za majira ya baridi huachwa zikue, kisha siku inatangazwa na kila nyumba inatuma mtu wake na mundu wake. Sehemu nyingine mteremko hugawanywa mafungu na kupigiwa kura ya bahati nasibu ili asiwepo wa kulalamika kwamba jirani kapata pazuri. Mabaraza mengi huajiri chowkidar, mlinzi wa msitu, na zamani ilikuwa kawaida kila nyumba kumchangia nafaka baada ya mavuno kuwa ndiyo mshahara wake. Anayekamatwa akikata mti mbichi au kuingiza mifugo mahali palipofungwa hutozwa faini. Akikaidi, hunyang'anywa mundu au kamba, na kwa mwanamke wa milimani kurudi nyumbani bila mundu ni fedheha ambayo majirani wataiona kabla hajafika mlangoni.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya chombo hiki, kwa maoni yangu. Ofisa wa misitu anaweza kupita mara moja kwa mwezi. Jirani yuko njiani kila asubuhi, na anajua mzigo wa majani unaotosha ng'ombe wawili ni mkubwa kiasi gani. Ukizidisha, ataona.

Lakini mamlaka hayo yana dari, na dari iko chini. Van panchayat inaweza kugawa nyasi, majani makavu na kuni. Haiwezi kuuza mti wenye thamani kwa uamuzi wake peke yake. Juu yake wako maofisa wa idara ya mapato upande mmoja na idara ya misitu upande wa pili, na kibali cha kukata mti kwa ajili ya boriti ya nyumba kinaweza kuzunguka mezani kwao kwa muda mrefu. Kanuni za 1976 ziliamuru mapato ya msitu yagawanywe, sehemu yake ikienda wilayani na nyingine kwa idara ya misitu. Kanuni za 2001, na baada yake za 2005, ziliipa idara ya misitu mkono mkubwa zaidi katika mipango na fedha za baraza. Ninaona huo ni udhalimu. Huwezi kumwachia mtu kazi ya kulinda mchana na usiku, kisha ukamnyima funguo za sanduku la fedha. Mwaka 2006 Bunge la India lilipitisha sheria ya haki za misitu inayokipa kijiji haki juu ya msitu wake wa pamoja, lakini Uttarakhand imekuwa mzito kuitekeleza.

Wasomaji wengi wamekwisha sikia habari za Chipko, vuguvugu la kukumbatia miti, na ni vizuri kuiweka mahali pake. Mwaka 1973, karibu na Gopeshwar, makao makuu ya wilaya ya Chamoli, chama cha ushirika cha wenyeji kilinyimwa miti michache ya kutengenezea zana za kilimo, na miti ya aina hiyohiyo ikapewa kampuni ya vifaa vya michezo kutoka mbali. Watu wa kijiji cha Mandal wakatangaza kwamba wataikumbatia miti kabla shoka halijaigusa. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 1974, wakataji walifika Reni wakati wanaume wa kijiji wamekwenda mjini Chamoli kufuatilia fidia ya ardhi. Gaura Devi, mkuu wa mahila mangal dal, yaani chama cha wanawake cha kijiji, alipanda msituni na wenzake 27 hivi na kuwazuia. Msitu wa Reni ulikuwa wa idara ya misitu, si wa van panchayat, na tofauti hiyo ina uzito: pale ambapo kijiji hakikuwa na baraza lenye sauti juu ya msitu, wanawake walilazimika kuweka miili yao. Mwaka 1981 ukataji wa kibiashara wa miti mibichi juu ya mita 1,000 ulipigwa marufuku.

Wanawake hao ndio waliobeba msitu mgongoni miaka yote, na bado kwa miongo mingi mabaraza yalijaa wanaume. Mama aliijua kila chemchemi. Mumewe ndiye aliyepiga kura kwenye kikao. Siku hizi viti vya wanawake vimetengwa kwa kanuni. Upande wa gram panchayat mabadiliko yalikwenda mbali zaidi: marekebisho ya 73 ya katiba ya India, yaliyoanza kutumika Aprili 1993, yaliwahakikishia wanawake theluthi ya viti, na mwaka 2008 Uttarakhand ikaongeza hadi nusu. Mahali pengi mahila mangal dal ndiyo inayofanya kazi halisi ya kulinda, hata kama jina kwenye karatasi ni la baraza.

Tusichanganye vyombo hivi. Gram panchayat hushughulikia njia, maji, ajira za umma na orodha za wanaostahili misaada, nayo huwajibika kwa gram sabha, mkutano wa wapiga kura wote wa kijiji. Juu yake kuna baraza la ngazi ya kati, kisha zila panchayat ya wilaya. Van panchayat haimo katika ngazi hizo; ina uchaguzi wake, mipaka yake na daftari lake. Na kuna mtu wa tatu, patwari, ofisa wa kumbukumbu za ardhi, ambaye katika vijiji vya milimani alipewa pia kazi ya polisi tangu enzi za Waingereza. Mahakama Kuu ya jimbo iliagiza mwaka 2018 utaratibu huo ukomeshwe, na mabadiliko yamekuwa ya polepole.

Linalonihuzunisha zaidi ni watu kuondoka. Wenyeji huliita palayan. Kati ya sensa ya 2001 na ya 2011 wilaya za Almora na Pauri Garhwal zilipungua watu, wakati jimbo zima liliongezeka. Vijana hushuka Dehradun, Delhi, jeshini na hotelini, kwa sababu shule nzuri na daktari viko chini huko. Vijiji vilivyobaki milango iliyofungwa vinaitwa bhootiya gaon, vijiji vya mizimu. Nyani na nguruwe mwitu humaliza mazao ya wachache waliobaki, nao wakiacha kulima hawahitaji tena samadi, na asiyehitaji samadi hana sababu ya kupanda kwenye mialoni. Gesi ya kupikia imewapunguzia akina mama mzigo wa kuni, nami nafurahi kwa ajili ya migongo yao. Ila kanuni zote za van panchayat ziliandikwa kwa kudhani kwamba kuna mtu anayepanda msituni kila asubuhi.

Moto wa Mei ndio unaoonyesha pengo hilo. Pirul ikishika, huzimwa kwa matawi mabichi: watu hujipanga kwenye mteremko, wakapiga, wakasafisha ukanda mtupu mbele ya moto. Kazi hiyo inataka mikono thelathini au arobaini, na inaitaka ndani ya saa moja. Sarpanch huanza kwa kuita nyumba zilizo karibu, na katika vijiji vingi hivi sasa huzimaliza haraka.