Kwa nini kipozamataza huyu huimba kwa mabawa?

Mvua za Novemba zikishaanza, anayelima nje ya Lubumbashi, upande wa Kipushi au Kasumbalesa, husikia asubuhi mlio juu ya shamba: prrr, prrr, halafu prrrrr ndefu. Ni kama karata zinazochanganywa. Hugeukia mti wa karibu, haoni kitu, akasema ni panzi. Mwenye mlio yuko juu angani, nukta tu, na sauti yake haitoki mdomoni.

Ni kipozamataza, ndege mdogo wa rangi ya kutu, urefu wa sentimita 15 hivi. Vitabu vya zamani vinamwandika Mirafra rufocinnamomea. Vipya vimemweka kwenye jenasi ya Amirafra. Anapenda nyasi zenye vichaka vya hapa na pale: kingo za dembo (bonde la nyasi linalojaa maji wakati wa mvua), mashamba yaliyopumzishwa, mapengo ya miombo. Mgongo wake una michirizi, hivyo akitulia chini unaona udongo tu.

Dume ana haja ya kusikika na majike na kuwaonya majirani, lakini rangi inayomficha chini haimtangazi. Ndiyo maana hupanda angani. Binamu yake mkubwa mwenye kisogo chekundu husimama juu ya kichuguu na kupiga mluzi. Huyu mdogo ana wimbo hafifu wa mdomo. Kazi kubwa ameiachia mabawa, anayoyapiga kama makofi.

Na ni kazi kweli. Mwaka 1991 mtafiti Norberg alionyesha kwamba anapopiga makofi hayo mabawa hufika mapigo 24 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wake wa kawaida. Kuongeza kasi ya bawa hula nguvu nyingi mno, kwa hiyo ndege hawezi kuendelea bila kupumzika: hupiga kwa vipande vifupi, akanyamaza, akapiga tena. Kwa maelezo ya Norberg, ufundi huo umekuzwa na uchaguzi wa majike. Dume dhaifu hawezi kuuigiza.

Kinachoshangaza zaidi ni lahaja. Mwaka 1978 mtafiti Robert Payne aliandika kwamba madume wa eneo moja hufuata mpangilio mmoja wa makofi, na ukihamia mbali mpangilio hubadilika. Hili unaweza kulichunguza mwenyewe. Nenda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Rekodi kwa simu, ukiupa upepo mgongo, na ufunike maikrofoni kwa kitambaa chepesi, maana upepo hufunika kabisa mlio mdogo hivyo. Nyumbani punguza kasi ya rekodi, hesabu makofi ya kila kipande na uandike: matatu, matatu, kumi. Rekodi ndege kadhaa wa bonde hilohilo kwanza, kisha wa bonde la mbali. Ukimrekodi mmoja mmoja tu, hutajua kama tofauti ni ya mahali au ya ndege huyo.

Kumwona, jua liwe nyuma yako. Akimaliza hushuka kwa kasi, kama jiwe lililoachiliwa. Wengi hukimbilia pale alipoangukia na kukuta patupu, kwa sababu akishatua hutembea chini ya nyasi. Subiri palepale ulipo, utamwona akichomoza.

Kiota kiko chini, kikombe cha nyasi chenye paa nusu, kimeegemea shina la majani, na mayai 2 au 3. Moto wa kiangazi huwa umeshapita anapotaga. Hatari iliyobaki ni jembe la palizi. Ndege akiruka miguuni mwako ghafla, simama, tazama kabla ya kupiga jembe lingine, chomeka kijiti na uache hatua mbili kila upande bila kupalilia. Kiota kikiwa kitupu usipalilie hapo bado: vifaranga wa vipozamataza hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka, na siku za kwanza hujibanza kwenye nyasi hizohizo.