Kwa nini kisahani chako cha rangi kinatoka kijivu

Swali ninaloulizwa kuliko yote na walimu wa fizikia wanaochukua zana kwangu hapa Mbeya halihusu lenzi wala betri. Ni hili: "Fundi, kile kisahani cha rangi saba kina shida. Kitabu kinasema kikizungushwa kinakuwa cheupe. Chetu kinatoka kijivu." Wengine hujaribu kukitibu wenyewe kwa kuongeza njano, kikatoka kijivu chenye manjano. Kisahani hakina shida. Kilichozidi ni ahadi ya kitabu.

Chukua kisahani kilichogawanywa nusu kwa nusu, nyekundu na kijani. Kizungushe taratibu, utaona rangi zikikimbizana. Ongeza kasi, zinaanza kupepesa na kuumiza macho. Ongeza tena, zote mbili zinapotea na mahali pake inakaa rangi moja iliyotulia, njano iliyofifia inayokaribia kahawia. Karatasi haijabadilika hata kidogo. Kilichotokea kimetokea kwenye retina, ambako kuna chembe ziitwazo koni, za aina tatu: moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya mwanga, ya pili ya kati, ya tatu mafupi. Koni haziitikii papo kwa papo. Zikiletewa nyekundu, kijani, nyekundu, kijani kwa haraka kuliko uwezo wao, haziwezi tena kusema kipi kilitangulia, zinatoa jibu moja kwa vyote.

Jibu hilo ni wastani. Joseph Plateau wa Ubelgiji na Henry Fox Talbot wa Uingereza walilionyesha jambo hili kwenye miaka ya 1830: mwanga unaokatizwa kwa kasi, jicho huuona sawa na mwanga usiokatizwa wenye kiasi cha wastani wake. Naomba mwalimu asimame hapa kabla ya kuendelea, maana ukijivu wote umejificha katika wastani huo. Kisahani hakijumlishi rangi, kinazigawia muda.

Piga hesabu ya kisahani cha rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja theluthi. Karatasi nyeupe hurudisha karibu mwanga wote mwekundu, wa kijani na wa buluu unaoiangukia, na hufanya hivyo muda wote. Kipande chekundu hurudisha mwekundu na kumeza mingine miwili, tena kinakuwa mbele ya jicho theluthi moja tu ya muda. Vivyo hivyo vile viwili. Kwa hiyo kila mwanga unafika jichoni kwa theluthi hivi ya kile ambacho karatasi nyeupe ingetoa. Mianga yote mitatu ipo, kwa uwiano mzuri, lakini kila mmoja ni kidogo. Nyeupe iliyopungukiwa mwanga ndiyo hiyo unayoiita kijivu.

Isaac Newton mwenyewe, ambaye kisahani hiki huitwa kwa jina lake, alilijua hili vizuri. Katika *Opticks*, kitabu alichokitoa mwaka 1704, anaeleza jinsi alivyochanganya unga wa rangi mbalimbali akapata kijivu. Hakuona aibu. Aliumwaga unga ule sakafuni mahali penye jua, kando yake akaweka karatasi nyeupe kivulini, akarudi nyuma kutazama kwa mbali: unga ulionekana mweupe sawasawa na karatasi. Akamwita rafiki yake aliyefika mlangoni amwambie kipi ni cheupe zaidi, bila kumweleza ni vitu gani.

Fanyeni hivyo hivyo na kisahani. Ndiyo maana nawashauri walimu wangojee Juni au Julai, mawingu yakiwa yametoka juu ya mlima Loleza na jua la asubuhi linakata, watoe meza nje. Kisahani kikae juani, nyuma yake kitambaa cheusi, na karatasi nyeupe ikae kwenye kivuli cha ukuta. Darasani Machi, mvua inanyesha na taa moja inawaka, huo weupe hamtauona hata mzungushe kwa mashine ya kusaga.

Duara la rangi saba nalo lina historia yake. Newton alilichora kwenye kitabu hicho hicho, na vipande vyake hakuvifanya sawa. Alivigawa kwa mfano wa ngazi ya sauti za muziki. Lilikuwa duara la kukokotolea rangi ya mchanganyiko, si mchoro wa kitu cha kuchezea. Kitu cha kuchezea kilikuwepo kabla yake karne nyingi. Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2, alishaandika juu ya gurudumu la mfinyanzi lililopakwa rangi kadhaa na kuonekana rangi moja, na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alieleza katika Kitab al-Manazir, karne ya 11, kuhusu pia ya kuchezea yenye mistari ya rangi inayozungushwa mpaka mistari ikapotea. Kwa hiyo sioni sababu ya kuabudu namba saba. Kugawa vipande saba vyenye urujuani na nili, kwa kalamu za rangi zilizokauka, ni kazi ya wiki nzima inayoishia kwenye matokeo dhaifu. Mimi nimeacha kuvitengeneza. Ninatoa vya rangi tatu, vya mtindo wa Maxwell.

James Clerk Maxwell alikuwa mwanafizikia kijana wa miaka 23 hivi, mzaliwa wa Edinburgh, Uskoti, alipoitoa pia ya watoto kwenye michezo na kuifanya chombo cha kupimia. Siri ni mkato mmoja. Kata duara la karatasi nyekundu, toboa katikati, kisha likate kwa mkasi mstari mmoja mnyoofu kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Fanya hivyo kwa kijani na kwa buluu. Sasa yaingize maduara hayo moja ndani ya jingine kupitia ile mikato. Ukisokota, nyekundu inajifunua zaidi na buluu inajificha chini. Ukirudisha, kinyume chake. Hakuna kupaka upya, hakuna kukata upya. Juu yake weka maduara mawili madogo, jeupe na jeusi, yaliyoingizwa kwa namna ileile. Ukikizungusha unaona vitu viwili kwa wakati mmoja: ukanda wa nje wenye mchanganyiko wa rangi tatu, na katikati kijivu cha nyeupe na nyeusi. Kazi yako ni kusokota, kuzungusha, kusimamisha, kusokota tena, mpaka nje na ndani visitofautiane.

Maxwell aligawa ukingo wa chombo chake sehemu 100 na mwaka 1855 akachapisha hesabu hii: nyekundu ya vermilion sehemu 37, buluu ya ultramarine 27 na kijani cha zumaridi 36, vikizunguka, ni sawa kabisa na nyeupe 28 pamoja na nyeusi 72. Tazama ile 28. Rangi zake zilikuwa kali na nzuri kuliko za kwetu, lakini weupe uliopatikana haukufika theluthi. Mwalimu anayelalamika kijivu anamlalamikia na Maxwell.

Nikiigeuza iwe nyuzi kwa wenye kipimapembe: nyekundu 133, buluu 97, kijani 130, ndani nyeupe 101 na nyeusi 259. Anzia hapo, lakini usitegemee zikubali, kwa sababu karatasi zako si zake. (Usizitafute zake. Vermilion ina zebaki na kile kijani kina aseniki.) Manila za dukani hazifai, zimepauka, zina weupe mwingi ndani yake. Ninachotumia ni stika, zile mafundi wanazokata kwa ajili ya bajaji na vioo vya daladala pale Mwanjelwa. Mabaki yao wanayatupa au wanauza kwa bei ya kuongea. Nyekundu yake ni nyekundu kweli. Bandika juu ya karatasi ngumu ya boksi, hakikisha hakuna mapovu, kata.

Mota itoke kwenye deki ya DVD iliyokufa au redio ya kaseti. Betri mbili zinatosha. Kama kasi ni ndogo na rangi bado zinapepesa, usikimbilie kuongeza betri. Jicho kwenye mwanga mkali huacha kuona mpepeso kwenye mara 50 hadi 60 kwa sekunde, kwa hiyo mota isiyofika huko unaweza kuisaidia kwa kugawa vipande. Kisahani chenye nyekundu moja na kijani kimoja kinapitisha rangi zote mbili mara moja kwa kila mzunguko. Ukikigawa nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, mota ileile inakupa mara mbili. Utagundua vilevile kwamba rangi huungana mapema, halafu ung'avu unabaki ukichezacheza kwa muda: ndiyo maana njano na buluu, ambazo moja inang'aa na nyingine ni nzito, zinadai kasi kubwa kuliko nyekundu na kijani zenye ung'avu unaokaribiana. Na fanyeni kazi dirishani. Umeme wetu ni wa hezi 50, kuna taa za bei rahisi zinazopepesa mara 100 kwa sekunde bila mtu kujua, na chini yake kisahani kinaweza kuonekana kimesimama au kinarudi nyuma. Wanafunzi hufurahi, lakini vipimo vinaharibika.

Asiye na mota atumie kizibo cha soda kilichopondwa, matundu mawili na uzi, kile ambacho kila mtoto wa Uyole au Kihesa anajua kukivuta. Kina kasoro ya kusimama kila kinapobadili upande, kwa hiyo rangi zinaungana na kuachana, zinaungana na kuachana. Kwa kupima hakifai, kwa kuonyesha kinashinda mota. Kasi yake si ya kudharau. Mwaka 2017 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kifaa cha karatasi na uzi cha namna hiyohiyo kilichofika mizunguko 125,000 kwa dakika, kinachotenganisha damu bila umeme.

Sasa njano na buluu, ugomvi wangu wa kudumu na wauza rangi. Kila aliyewahi kusimama kwenye duka la rangi za nyumba atakuapia kwamba njano na buluu ni kijani. Kwenye ndoo, ndiyo. Kwenye kisahani, hapana: inatoka kijivu, wakati mwingine chenye uwaridi kwa mbali. James Forbes, mwalimu wa Maxwell pale Edinburgh, alikiona hicho kwenye kisahani naye akitegemea kijani. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alilieleza mwaka 1852. Kwenye ndoo chembe za rangi zimeshikamana, mwanga unapita kwa zote mbili. Buluu inameza nyekundu, njano inameza buluu, kinachonusurika ni kijani ambacho zote mbili zilikiacha. Ni kutoa na kutoa. Kwenye kisahani hakuna rangi inayomgusa mwenzake. Kila moja inapeleka jichoni mwanga wake kamili kwa zamu yake. Njano imebeba nyekundu na kijani, buluu imebeba buluu, jumla mianga yote mitatu imefika, na wastani wake ni kijivu. Wanafunzi wakiyaona haya mawili kwa pamoja, kikombe cha rangi mezani na kisahani pembeni, mada ya rangi za mwanga inakuwa imekwisha kufundishika. Skrini ya simu ni kisahani hicho kilichosimama, nukta nyekundu, kijani na buluu zikigawana nafasi badala ya muda. Na projekta nyingi za kumbi za harusi zina kisahani chenyewe ndani, kinazunguka mbele ya taa. Geuza macho haraka pembeni ya maandishi meupe utaona rangi zikichomoka.

Simu inasaidia kwa jambo jingine. Piga picha kisahani kinachozunguka kwenye jua kali: utapata vipande karibu vimetengana, kwa sababu kamera imefungua kwa muda mfupi sana. Ipige hiyohiyo chumbani, vimeungana. Kisahani ni kilekile na kasi ni ileile, anayetazama ndiye amebadilisha muda wake wa kukusanya mwanga.

Mwisho ni kisahani kisicho na rangi kabisa. Mwaka 1894 Mwingereza Charles Benham alitoa pia yenye nusu nyeusi, na nusu nyeupe yenye matao membamba meusi. Kizungushe taratibu, mizunguko mitano hadi kumi kwa sekunde, matao yanapata rangi: nyekundu iliyokolea upande mmoja, buluu upande mwingine, na ukigeuza mzunguko mpangilio unageuka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aina tatu za koni, na neva zinazozihudumia, haziamki na kupoa kwa kasi moja. Hii siipeleki darasani bila kuuliza kwanza kama kuna mwanafunzi mwenye kifafa, maana mpepeso wa polepole wa nyeusi na nyeupe unaweza kukiamsha. Visahani vya Maxwell vikiwa kwenye kasi yake havina tatizo hilo, lakini navyo viwashwe na kuzimwa haraka, visiachwe vikivutavuta.

Utakutana na mwanafunzi, mara nyingi wa kiume, anayesisitiza kwamba nje na ndani ya kisahani ni tofauti wakati darasa zima limekubali ni sawa. Msimzomee. Huenda koni zake haziitikii sawa na za wenzake. Maxwell alipima watu wenye upofu wa rangi kwa chombo hiki hiki, akakuta wanatosheka na karatasi mbili za rangi pale ambapo wengine walihitaji tatu. Mpe asokote mwenyewe mpaka aridhike, soma nyuzi zake, ziandike kwenye safu yake kando ya zile za wenzake.