Kusoma thamani katika mapu inayotumiwa na nyuzi nyingi

Programu ninayoitunza hapa Kigoma huwapa wafanyabiashara bei ya dagaa ya kila mwalo, ukiwemo wa Kibirizi na wa Katonga. Bei hizo hukaa katika mapu moja ya lugha ya programu ya Java, aina ya ConcurrentHashMap, ambamo jina la mwalo ni ufunguo na bei ni thamani. Asubuhi mitumbwi inaporudi, uzi mmoja (thread, yaani mfululizo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine ndani ya programu) huandika bei mpya huku nyuzi nyingine zikisoma.

Wanaoanza kazi hii hupenda kuuliza kwanza kwa containsKey kama Kibirizi imo, kisha kuchukua bei kwa get. Kila hatua peke yake ni salama. Hatari iko katikati, kwani uzi mwingine ukiifuta bei ya jana wakati huohuo, get itarudisha null, yaani alama ya kutokuwepo kitu, na msimbo ulioamini kwamba bei imo utakwama kwa hitilafu ambayo ukiitafuta mezani haionekani. Inatosha kuita get mara moja, kuweka jibu kwenye kigeu, na kukagua kigeu hicho. Tofauti na HashMap ya kawaida, mapu hii haikubali null iwe ufunguo wala thamani, kwa hiyo null ikirudi ina maana moja tu: uliposoma, ufunguo haukuwamo. Katika lugha ya Go, sync.Map, yaani mapu yake ya nyuzi nyingi iliyoingia na toleo la 1.9 mwaka 2017, hujibu waziwazi zaidi, maana Load hurudisha thamani pamoja na ndiyo au hapana. Mimi naipenda njia hiyo, ingawa thamani huja bila aina yake na inabidi kuitambulisha upya kila mara.

Get haisubiri kufuli (lock, kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja kwa wakati), hivyo bei inaweza kubadilika mara tu baada ya kusomwa. Kwa bei ya dagaa si neno. Kwa salio la mteja, kusoma kwa get, kujumlisha, kisha kuandika kwa put kunaweza kupoteza fedha uzi mwingine ukiandika katikati, na hapo hutumika compute au merge, ambazo husoma na kuandika kwa hatua moja isiyokatizwa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba usalama wa mapu hauingii ndani ya thamani. Ukihifadhi humo ArrayList, yaani orodha inayoweza kubadilishwa, nyuzi mbili zitaichukua kwa usalama kisha zitaivuruga pamoja. Ndiyo maana kwetu bei na saa yake hukaa katika kitu kimoja kisichobadilika, na uzi unaoandika hutengeneza kipya na kukiweka mahali pa cha zamani, bila kugusa kile ambacho wasomaji wameshakishika.