Vijiji vya pwani ya Wales: yanayosemwa na yaliyopo

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kosa letu wenyewe kuhusu pwani ya Wales: tunaiita yote Uingereza, kisha tunadhani kila kijiji kinasema Kiingereza. Ukiingia dukani Nefyn, kwenye rasi ya Llŷn kaskazini-magharibi mwa nchi, salamu ya asubuhi ni "bore da", na muuzaji na mteja wanaweza kuagana bila kutamka neno moja la Kiingereza. Katika sensa ya 2021 waliosema Kiwelisi walikuwa asilimia 17.8 Wales nzima, lakini kaunti ya Gwynedd, ambamo rasi hiyo imo, walifika asilimia 64.4. Wala si lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kibretoni cha Ufaransa. Ukishajua kwamba "aber" ni mlango wa mto, ramani inaanza kusomeka: Abersoch ni mto Soch unapoingia baharini, Aberdaron ni mto Daron.

Dhana nyingine imeletwa na kadi za posta: mzee mwenye ndevu, ameketi gatini, anatengeneza nyavu. Eti vijiji vya wavuvi. Uvuvi ulikuwepo, tena wa maana. Nefyn iliishi kwa samaki wa heringi hadi ikaweka watatu kwenye nembo ya mji. Lakini wengi wa wanaume wa pwani hii walikuwa mabaharia wa masafa marefu, na jahazi walizosafiria nyingine ziliundwa papo hapo ufukweni. Hamburg ilipoungua mwaka 1842, sehemu ya vigae vya mawe vya kuezekea upya mji huo ilipakiwa Porthmadog, bandari ya pwani hii hii. Kwa hiyo wanaposema vijiji hivi viko "pembezoni", mimi huwa nalishangaa neno hilo. Ni pembezoni kwa mtu anayekuja kwa gari. Siku hizi mashua zilizobaki ni chache, zinatega kaa na kambakoche, na wale konokono wa baharini wanaovuliwa Ghuba ya Cardigan wengi huishia mezani Korea Kusini.

Basi wanaume walisafiri, wanawake wakangoja ufukweni? Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1839, Llangrannog, kijiji kilichobanwa kati ya vilima na maji huko Ceredigion, alizaliwa Sarah Jane Rees, binti wa nahodha. Wazazi walimpeleka kujifunza ushonaji, hakuuweza wala hakuutaka, akapanda chombo cha baba yake. Akasomea unahodha, kisha akarudi kijijini akiwa na miaka ishirini na ushee kufundisha shule. Vijana wa kiume waliotaka kuwa manahodha walijifunza kwake hesabu na kuongoza chombo kwa nyota. Mwaka 1865 akashinda shindano la ushairi la eisteddfod, tamasha la Kiwelisi la mashairi na muziki, akiwaacha nyuma washairi wa kiume waliokuwa na majina makubwa, kwa jina lake la kishairi, Cranogwen. Baadaye akahariri jarida la wanawake la Kiwelisi. Sanamu yake ilizinduliwa hapo hapo Llangrannog mwaka 2023.

Kuna wanaosema nyumba zina giza wakati wa baridi kwa sababu vijana wamekikimbia kijiji. Wapo waliokimbia. Wapo pia waliotaka kubaki wakashindwa bei, kwa sababu mnunuzi wa nyumba ya likizo anakuja na fedha za mjini. Shule ya msingi ya Abersoch ilifungwa mwishoni mwa 2021 ikiwa na watoto wasiofika kumi. Tangu Aprili 2023 Gwynedd inawatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri. Wageni hao hao, lakini, ndio wanaoweka mikahawa hai, na hilo wenyeji hawalifichi.

La mwisho ni bahari yenyewe. Ngano husema nchi ya Cantre'r Gwaelod ilizama kwa sababu Seithenyn, mlinzi wa milango ya maji, alilewa. Ngano, ndiyo, lakini nenda kijiji cha Borth maji ya bamvua yakipwa: visiki vya msitu wa maelfu ya miaka vinatokeza mchangani, na dhoruba za 2014 zilifunua vingi zaidi. Kaskazini kidogo ya hapo kuna kijiji cha Fairbourne, kinachotishiwa na bahari inayopanda, ambacho magazeti hukiandika kana kwamba watu wameshahamishwa. Hawajahamishwa. Mpango uliopo ni kuendelea kutunza kingo za bahari hadi 2054, kisha kuacha. Watu wanaishi, bustani zinapaliliwa. Kilichobadilika ni benki: tangu mpango huo ujulikane, kupata mkopo wa kununua nyumba Fairbourne kumekuwa kazi ngumu, na anayetaka kuuza hungoja mnunuzi mwenye fedha taslimu.